Karafuu za Pemba na Forodha ya Unguja: Biashara ya Nje na Haki ya Mafakiri wa Mahali

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mwenye kukunjua riziki na kuikadiria. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla ya kupewa utume, na ziwashukie Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Katika masuala yanayoulizwa sana hivi leo ni hili: kwa nini nchi moja huuza bidhaa zake ng'ambo, fedha zikaingia, kisha upande mmoja wa nchi ukaneemeka na upande mwingine ukabaki nyuma? Jambo hili huwa zito zaidi pale ambapo upande uliobaki nyuma ndio hasa unaotoa bidhaa yenyewe. Wengine hujibu kwamba biashara ya nje ni dhulma tupu. Wengine husema kwamba walio nyuma ni wavivu. Majibu yote mawili ni mepesi kuliko suala lenyewe, na hakuna hata moja linalomsaidia imamu anayeulizwa na waumini wake.

Katika makala hii tutaitazama historia ya zao moja katika nchi ya visiwa viwili, nalo ni karafuu ya Zanzibar. Kisha tutairejea fiqhi, tuone hukumu za biashara na za Zaka zinasema nini. Haikusudiwi hapa kuchochea ubaguzi baina ya watu wa Unguja na watu wa Pemba, kwani hao ni ndugu kwa dini, kwa damu na kwa ndoa. Kinachokusudiwa ni kujua mali hupita njia gani, na haki ya fakiri huishia wapi inapopita njia hiyo.

BIASHARA NI NEEMA YENYE MASHARTI

Uislamu haukuja kuipiga vita biashara ya mbali. Katika Suratu Quraysh, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawakumbusha Makureshi neema ya misafara yao ya kusi na kaskazi, yaani safari ya majira ya baridi na safari ya majira ya joto. Makka ni bonde lisilo na mimea. Chakula na amani vyake vilitegemea sana misafara hiyo na heshima ya Nyumba Tukufu. Kwa hiyo kusema kwamba biashara ya nje kwa asili yake ni shari hakuna msingi katika dini.

Pamoja na hayo, Qur-ani imeweka sharti. Katika Suratul Hashr aya ya 7, baada ya kutajwa wanaostahiki mali ya fai, imetajwa sababu ya mgawanyo huo: mali isije ikawa ni kitu cha kuzunguka mikononi mwa matajiri peke yao. Ni aya za sura hii ndizo alizozitegemea Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokataa kuigawa ardhi ya Sawad ya Iraq kwa wapiganaji walioifungua. Aliiacha mikononi mwa wakulima wake, akaiwekea kharaji, ili na watakaokuja baadaye wapate fungu lao. Hapa tunajifunza kwamba kiongozi haulizi tu mali ni kiasi gani. Huuliza pia inazunguka wapi, na nani imemruka.

MJI WA FORODHA

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Mche huo uliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Seyyid Said bin Sultan alipouona una faida aliushughulikia kwa nguvu. Imepokewa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mashamba yakaenea, na kazi yake kubwa ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Hilo ni jambo la historia ambalo mwandishi mkweli halifichi.

Lakini utajiri wa mji wa Zanzibar haukutokana na mashamba peke yake. Ulitokana zaidi na forodha. Seyyid Said alifunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Ushuru wa bidhaa zilizoingia uliwekwa asilimia 5, na makusanyo yakakodishwa kwa wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi, mashuhuri wao akiwa Jairam Shivji na wakala wake Ladha Damji. Aidha, wageni walizuiwa kununua pembe za ndovu na sandarusi moja kwa moja katika pwani ya Mrima. Pembe iliyotoka Tabora au Ujiji ilifika Bagamoyo, ikavushwa hadi Unguja, na hapo ndipo Mmarekani wa Salem au mfanyabiashara wa Ulaya alipoinunua. Kutoka huko nako kililetwa kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani.

Tazama vizuri utaratibu huu, kwani ndio ufunguo wa yanayofuata. Bidhaa ilitoka mahali pengi, lakini bei ya dunia ilijulikana mahali pamoja. Mahali hapo ndipo palipokuwa na mizani, bohari, mkopeshaji, mtoza ushuru na kadhi wa kuandikisha mikataba. Mwenye kukaa hapo alipata fungu katika kila mzigo uliopita, hata kama hakupanda mti wala kuwinda ndovu. Mwenye kukaa mbali alipata kile kilichobaki baada ya mafungu hayo kukatwa.

KIMBUNGA CHA 1872

Mwezi wa Aprili mwaka 1872, katika zama za Seyyid Barghash bin Said, kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho iling'oka, na majahazi na merikebu zikavunjika bandarini. Pemba haikupata madhara makubwa kama hayo. Tangu hapo mambo yakageuka: Pemba ikawa ndiyo yenye mikarafuu mingi, na katika karne nzima ya 20 karafuu nyingi za Zanzibar, kiasi cha robo tatu na zaidi, zimekuwa zikitoka Pemba.

Mtu angetarajia kwamba baada ya zao kuhamia Pemba, utajiri nao ungelihamia Pemba. Haikuwa hivyo. Mti ulihama, lakini forodha haikuhama. Karafuu zilichumwa Pemba, zikachambuliwa na kuanikwa Pemba, kisha zikapakiwa Wete, Chake Chake na Mkoani kwenda mjini Unguja. Huko zilipimwa, zikatozwa ushuru na kuuzwa ng'ambo. Katika zama za himaya ya Waingereza ushuru wa karafuu ulifikia asilimia 25, tena ulichukuliwa kwa karafuu zenyewe, yaani katika kila magunia manne serikali ilichukua gunia moja. Karafuu hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya hazina. Majumba ya serikali, maji ya bomba na barabara nzuri vilianza mjini Unguja. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, bado ni kumbukumbu ya zama zile.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Biashara hii iliwapa Wapemba riziki ambayo wasingeliipata kwa muhogo na samaki peke yake. Kwa kuwa umiliki wa mikarafuu kule ulienea kwa wakulima wadogo kuliko Unguja, wengi walijenga nyumba, walisomesha watoto na walikwenda Hija kwa fedha za karafuu. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897, wachumaji wa ujira walikuwa wakisafiri kwenda Pemba kila msimu mzuri. Kwa hiyo biashara iliinyanyua Pemba, lakini mji uliposhika mlango wa biashara ulinyanyuka zaidi, na tofauti baina yao ikawa inaongezeka.

DENI KABLA YA MAVUNO

Njia ya pili iliyoongeza tofauti ni deni. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huinamisha matawi, mwaka wa pili hautoi kitu. Mkulima wa Pemba alihitaji fedha za kulipia wachumaji kabla hajauza, na za kula katika mwaka mkavu. Mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara mdogo wa kijijini, naye alikopa kwa mkubwa wa mjini. Mkopo ulilipwa kwa karafuu, kwa bei iliyowekwa na mkopeshaji wakati mkulima ana dhiki. Mashamba mengi yaliwekwa rehani, mara nyingine kwa ile iitwayo bei ya khiyari, ambayo kwa jina ni mauzo yenye haki ya kurudishiwa, na kwa hakika ni deni lililovaa nguo ya mauzo.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, madeni haya yaliwaelemea wenye mashamba. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ilipitisha sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiishie mikononi mwa wadai, na ikakipa nguvu za kisheria Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 chama hicho kilipopewa haki ya pekee ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na huko India karafuu za Zanzibar zikasusiwa mpaka yalipofikiwa mapatano mwaka 1938. Katika ugomvi huo mzima walikaa mezani serikali na wafanyabiashara, na wote walikuwa mjini. Mkulima wa Mtambwe au Kengeja alisubiri kuambiwa bei.

MNUNUZI MMOJA NA ZAO MOJA

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 biashara ya karafuu ilishikwa na serikali, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likiwa ndilo mnunuzi pekee. Makusudio yake yalikuwa kumwondoa mlanguzi aliye kati ya mkulima na soko. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, kwa sababu Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu nyingi kwa ajili ya sigara zake za kretek. Lakini bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo ya bei ile. Tofauti iliingia hazina, na hazina ikaitumia kwa mambo ya nchi nzima: shule, hospitali na nyumba za maendeleo. Nyumba hizo zilijengwa Michenzani mjini Unguja, na Pemba nako zikajengwa Wete, Chake Chake na Mkoani. Ila makao ya serikali, ajira za serikali na miradi mikubwa vilibaki mjini. Mkulima aliyeona bei ya upande wa pili wa bahari ni nzuri zaidi alishawishika kuvusha karafuu kwa magendo kwenda pwani ya Kenya, na doria na adhabu zikazidi.

Kisha ukaja mtihani wa zao moja. Indonesia ilikuwa imepanda mikarafuu yake kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikajitosheleza. Mnunuzi mkubwa alipoondoka sokoni, bei ya dunia ilianguka. Unguja iliumia, lakini ilikuwa na bandari kuu, uwanja wa ndege, ofisi za serikali, na baadaye utalii ulioenea Nungwi, Kiwengwa na Paje. Pemba haikuwa na mlango wa pili. Vijana wake wengi walihama kwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Uarabuni kutafuta maisha. Tafiti za kaya zilizofanywa katika karne hii zimeonesha umasikini wa Pemba kuwa mkubwa kuliko wa Unguja, na Micheweni ikatajwa miongoni mwa wilaya zenye hali ngumu zaidi. Utalii nao ni biashara ya nje, isipokuwa mnunuzi huja mwenyewe kwa ndege. Na pale ndege inapotua ndipo riziki yake inapoanzia.

Tukiyakusanya haya tunapata mambo manne yanayotanua pengo baina ya sehemu za nchi moja: mlango mmoja wa kutokea bidhaa, deni linalomfunga mzalishaji kabla ya mavuno, mnunuzi mmoja mwenye kupanga bei, na kutegemea zao moja. Hakuna hata moja katika haya ambalo ni lazima ya biashara yenyewe. Yote ni mipango ya watu, na mipango ya watu ina hukumu katika sharia.

FIQHI INASEMAJE?

Kwanza, kuhusu bei. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuupokea msafara nje ya mji na kununua mizigo yake kabla haijafika sokoni. Sababu yake iko wazi. Mtu wa shamba au jangwani hajui bei ya siku hiyo, na anayemkimbilia njiani anaijua. Katika madhehebu ya Imam Shafi, muuzaji akifika sokoni na kugundua kwamba amepunjwa, ana khiyari ya kuvunja mauzo. Kadhalika alikataza mtu wa mjini kumzuia mtu wa shamba asijiuzie, amwekee mali yake na kuiuza polepole kwa bei ya juu. Katazo la kwanza linamlinda wa shamba dhidi ya ujanja wa mjini, na la pili linawalinda wa mjini wasipandishiwe bei. Tazama uadilifu wa sharia: haikupendelea upande mmoja. Imetaka soko liwe wazi kwa wote wawili.

Pili, kuhusu mkopo wa kabla ya mavuno. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitoa fedha mapema kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili, akawaamuru wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Huo ndio mkataba wa salam, na ni rehema kwa mkulima. Lakini anayenunua karafuu za miti maalumu kabla hazijakomaa hajafanya salam. Na anayekopesha fedha kwa sharti la kuuziwa kwa bei ya chini amejipatia manufaa kwa mkopo wake, na hilo ni katika milango ya riba.

Tatu, kuhusu mnunuzi mmoja. Inajulikana kwamba Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei alikataa, akaliacha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu, kwa kuchelea asije akamdhulumu mtu katika mali yake. Wanavyuoni wengi wakasimama hapo. Ibn Taymiyya, katika maelezo yake kuhusu hisba, alipambanua. Watu wakilazimishwa wasiuze ila kwa watu maalumu, basi ni wajibu hao waliopewa haki hiyo walazimishwe nao kununua kwa thamani ya mfano, yaani bei ya haki inayolingana na mali hiyo. Maana yake ni kwamba haki ya kuwa mnunuzi pekee haiji bure. Atakayemfungia mkulima milango mingine amebeba dhima ya kumlipa stahiki yake.

ZAKA HUENDA WAPI?

Sasa tunafika kwenye suala lililo zito kuliko yote, na ambalo halizungumzwi sana. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yemen, alimfundisha kwamba Zaka huchukuliwa kwa matajiri wa watu wale na kurudishwa kwa mafakiri wao. Kutokana na hadithi hii na nyinginezo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi ni kwamba mwenye mali haruhusiwi kuihamisha Zaka kutoka mji ilipo mali maadamu wenye kustahiki wapo. Imran bin Husayn (r.a.) alitumwa kukusanya Zaka, akarudi mikono mitupu. Alipoulizwa mali iko wapi, alijibu kwamba ameichukua kama ilivyokuwa ikichukuliwa zama za Mtume (s.a.w.) na ameiweka ilipokuwa ikiwekwa. Na imepokewa kwamba Umar bin Abdulaziz aliletewa Sham Zaka ya Khurasan, akairudisha Khurasan.

Hukumu hii ni ngao ya sehemu za pembezoni. Lakini hebu tuione inavyofanya kazi katika karafuu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi katika pwani yetu, Zaka ya mazao huwajibika katika vyakula vikuu vinavyowekwa akiba, kama mpunga, mtama na tende. Karafuu si chakula kikuu, basi mkulima haitolei ushuri. Wala si bidhaa ya biashara mikononi mwake, kwa sababu hakuinunua, ameivuna. Akiiuza, fedha zake huingia katika Zaka zikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Lakini mkulima mwenye madeni hulipa madeni, hununua chakula, na mwaka haumkuti na akiba. Karafuu ile ile ikifika kwa mfanyabiashara inakuwa bidhaa ya biashara, na mwaka ukitimia inawajibika asilimia 2.5 ya thamani yake. Na mwaka unatimia iko wapi? Iko bohari, mjini. Basi kwa hukumu ya kutohamisha, wenye haki ya Zaka hiyo ni mafakiri wa mjini.

Hivyo msafara wa karafuu haukuchukua faida peke yake kutoka Pemba. Ulichukua na haki ya fakiri wa Pemba, na uliichukua kwa njia ya halali, bila ya mtu kuiba wala kughushi. Hukumu iliyowekwa ili Zaka ibaki pale inapozalika mali, katika biashara ya mlango mmoja inaibakisha pale inapolala mali. Kasoro si ya sharia. Ni sisi tuliochukua hukumu moja na kuacha nyingine zinazoikamilisha.

Kuna wanaosema tufuate kauli ya Imam Abu Hanifa, aliyewajibisha Zaka katika kila kinachooteshwa na ardhi, na ambayo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, aliipa nguvu katika zama hizi. Kwa kauli hiyo karafuu, kwa kuwa inanyweshwa na mvua, ingelitolewa ushuri kamili wa asilimia 10 huko huko shambani. Ni kauli yenye hoja, na mkulima mkubwa mwenye uwezo anayeifuata atapata ujira wake. Lakini ikitumiwa peke yake, mzigo wa kumsaidia fakiri wa Pemba utamwangukia mkulima wa Pemba, aliyekwisha kukatwa mafungu yote tuliyoyataja, na mwenye bohari hataguswa.

Njia iliyo karibu zaidi na uadilifu imo katika hadithi ya Muadh (r.a.) yenyewe. Imepokewa na Abu Ubayd kwamba Muadh, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), alimpelekea Madina theluthi ya Zaka ya Yemen. Umar hakufurahi. Alimkumbusha kwamba hakumtuma kukusanya mali, bali achukue kwa matajiri wa watu na kuwarudishia mafakiri wao. Muadh akajibu kwamba hakuleta kitu huku akimwacha huko mtu wa kukipokea. Mwaka wa pili alileta nusu, na mwaka wa tatu yote. Hapo Umar akakubali. Kwa hiyo Zaka huhama, lakini baada ya haja ya wa mahali kukidhiwa, na kwa mkono wa kiongozi anayeiona nchi nzima. Ndiyo maana Imam Nawawi na wengineo katika Mashafi wamepambanua: katazo ni la mwenye mali, ama imamu na watumishi wake wanaruhusiwa kuhamisha. Na wanavyuoni wa Kimaliki wameruhusu kuipeleka kwa walio na dhiki zaidi. Ikiwa imeruhusiwa kutoka Yemen kwenda Madina, basi kutoka mjini Unguja kwenda Micheweni ni karibu zaidi, na haja yake iko wazi.

WAJIBU WETU

Atasema msemaji: nchi ni moja, hazina ni moja, fakiri wa mjini naye ni fakiri, kuna haja gani ya kupima huku na huku? Tunasema, ni kweli fakiri wa mjini ana haki, na wala hatumnyang'anyi. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na hazina moja kutoka Misri hadi Iraq, na bado alimhesabia Muadh mafakiri wa Yemen. Umoja wa nchi haufuti haki ya mahali. Unaimarika haki hiyo inapotimizwa, na hudhoofika watu wanapohisi kwamba jasho lao huonekana na njaa yao haionekani.

Basi kwa maimamu na wanafunzi wa elimu, yako mambo yaliyo katika uwezo wetu. Imamu wa mjini awafahamishe wafanyabiashara wa karafuu, wa mwani na wenye hoteli kwamba mali yao ina shina, na kwamba kupitisha Zaka katika chombo cha pamoja kunafungua ruhusa ya kuifikisha kwenye shina hilo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana Zanzibar ni mfano wa chombo cha aina hiyo. Imamu wa kijijini aandike orodha ya mafakiri wa mtaa wake kwa uaminifu, kwani haki isiyo na jina hupotea njiani. Wenye uwezo wa kijiji wakusanyike wawape wakulima salam ya halali, kwa kipimo, uzito na muda unaojulikana, kabla hajaja mwenye kukopesha kwa masharti ya dhiki. Na anayeshika mamlaka ya kununua akumbushwe, kwa adabu na bila ya kuchoka, kwamba bei ya mfano ni haki ya muuzaji na si ihsani ya mnunuzi.

Wala wakulima wasisahauliwe kunasihiwa. Kutegemea mti mmoja ni kumkabidhi mnunuzi mmoja shingo yako. Mwaka wa mavuno mazuri ni mwaka wa kupanda kitu kingine, na kuweka wakfu japo mikarafuu michache kwa ajili ya madrasa na mayatima wa kijiji. Mti wa wakfu haupandi jahazi. Matunda yake yatauzwa popote yatakapouzwa, lakini thamani yake, kwa sharti la mwenye kuweka wakfu, hurudi pale ulipooteshwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) aibariki riziki ya visiwa vyetu na nchi zetu, awape viongozi wetu moyo wa Umar katika kuwahesabu mafakiri, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa haki kabla hawajaulizwa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.